Shule Yenye Kuta Nyeupe

Siku moja inanirudia kuliko nyingine zote, mwanangu, nawe kama mzazi kijana ni vizuri uisikie. Nimekaa katika ofisi ya mkuu wa shule, chai ya maziwa mbele yangu, na kitinda mimba wangu Eric kando yangu, amevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe. Nikamuuliza mbele ya wote waliokuwepo, "Eric, shule umeipenda?" Akatazama viatu vyake, akajibu, "Ndiyo, baba." Nikasimama, nikampa mkuu wa shule mkono.

Nilijiona baba wa kisasa. Mimi nilipopelekwa bweni kule Karagwe, enzi tukiishi ukimbizini Tanzania, hakuna aliyeniuliza lolote. Niliamshwa tu nikaambiwa nivae. Kwa hiyo nilidhani kuuliza kunatosha.

Eric alikuwa mchezaji wa skwoshi. Pengine hujawahi kuuona mchezo huu. Watu wawili wanaingia katika chumba kimoja, wanatazama ukuta mmoja, na kuupiga kwa zamu kimpira cheusi kwa raketi mpaka mmoja ashindwe kukifikia. Hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kipo chumba cha namna hiyo nyuma ya hoteli moja ya zamani, na mlinzi aliwaacha vijana wacheze wageni wasipokuwepo. Kuta zake zilijaa madoa meusi, utadhani jiko la kuni. Nilimwambia Eric mara nyingi kwamba sielewi anapendaje mahali pachafu vile.

Aliyemfundisha ni Justin, kijana wa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo. Mama yake alivuka mpaka kila asubuhi kununua mboga sokoni kwetu, na Justin, akishambebea mizigo, alikimbilia hotelini. Nilipokwenda kumchukua Eric jioni niliwasikia kabla sijawaona.

"Bon, we Eric, leo ntakuachia pointi tatu, usilie."

"Jana si nilikulaza chini?"

"Ile ilikuwa sakafu inateleza, haikukuwa wewe!"

Kisha Eric akafaulu mtihani, ikabidi tumtafutie bweni. Moja lilikuwa upande wa Nyundo, karibu na nyumbani. Halikuwa na skwoshi, lakini wanafunzi waliruhusiwa kuja mjini baadhi ya Jumapili. Eric alilitaja mara mbili mezani, kwa sauti ya chini. La pili lilikuwa mbali, upande wa Kigali, nalo lilikuwa na chumba chake cha skwoshi. Sikuona la kufikiria hapo. Mtoto anapenda mchezo, shule ina mchezo, kwisha.

Justin alinikuta langoni kwetu siku mbili kabla hatujasafiri. "Papa Eric," akaniambia, "kule kwenye unamupeleka, iko mutu wa kucheza naye, ao iko tu mukuta?"

Nilicheka. "Justin, shule nzima ile, mtu wa kucheza atakosekana?"

"Haya, Papa Eric," akasema, akaondoka.

Shuleni walitutembeza, wakatufungulia chumba. Sakafu inang'aa, taa nzuri, kuta nyeupe pe. Nilifurahi kama nimekijenga mimi. "Unaona usafi?" nikamwambia Eric. Alikuwa ameweka kiganja ukutani. Kutoka hapo tukaingia ofisini kunywa chai, nami nikauliza lile swali langu.

Siku ya kwanza ya wazazi kutembelea, nilimkuta ndani ya chumba kile peke yake. Anapiga mpira, unarudi, anapiga. Nikamuuliza wenzake wako wapi.

"Hakuna anayecheza, baba. Hufunguliwa wageni wakija. Mimi nimeomba ufunguo."

"Umelijua hili lini?"

"Siku ile tuliyokuja. Kuta hazikuwa na alama hata moja ya mpira."

"Mbona hukusema?"

Akaufuta mpira kwenye kaptula yake. "Ningesemaje, baba? Mkuu wa shule alikuwa amekaa pale, na wewe ulikuwa umefurahi sana."

Nilitaka kumhamisha. Kule Nyundo nafasi zilikuwa zimejaa, wakatuambia tusubiri mwaka mpya. Kabla mwaka haujaisha mapigano yakakaribia Goma, na mama yake Justin akaihamisha familia. Wengine walisema wako Bukavu, wengine Kampala. Namba yao haikupatikana tena. Likizo ilipofika Eric alichukua raketi, akaenda hotelini, akarudi baada ya muda mfupi. Hakulalamika, nami ningependa angelalamika. Aliniomba tu nimwambie kama Justin aliulizia habari zake kabla ya kuondoka.

Aliulizia, mwanangu. Alikuja langoni mara nyingi kuuliza Eric anarudi lini, nami nilimjibu, "Yuko shuleni, ana mambo ya maana." Hilo nililazimika kumwambia Eric uso kwa uso. Akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani. Leo ni mtu mzima, ana kazi yake Kigali, hunipigia simu na kuniuliza afya. Skwoshi hachezi. Shida zake huwaambia watu wengine. Mimi huzisikia zikiwa zimeshapita.

Basi unapomchagulia mtoto shule, usitosheke na jengo walilokufungulia. Watafute watoto wanaolitumia, uzungumze nao walimu wakiwa mbali. Rafiki wa mwanao akikuuliza swali, usimcheke; huenda anajua unachokwenda kupoteza. Na mwanao mwenyewe, muulize mkiwa wawili tu, kabla hujampa mtu mkono, mahali ambapo akikataa hamwaibishi yeyote. Akikubali haraka, mpe usiku mmoja, kisha muulize tena.

Mungu akujalie watoto wanaothubutu kukukatalia, na akupe masikio ya kuwasikia wakiwa bado wako nyumbani kwako.