Usisimame Kizingitini

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu Espoir, nilipokuwa msichana wa chuo katika nchi ya Wakazaki, mbali huko kaskazini, nchi ya nyasi na farasi na upepo usiojua adabu. Wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Moscow, nami nilikuwa nimepelekwa huko kusomea udaktari wa mifugo. Nitakusimulia Ijumaa hiyo. Lakini kwanza nikwambie kinachonisumbua, maana simu zangu hupokei, na magoti yangu hayaziwezi tena ngazi za jengo lenu pale Albert Park.

Mama yako bado yuko kwangu Umbilo, hapa hapa Durban. Analala kwenye kochi la sebuleni, na kila asubuhi anakunja blanketi na kulificha nyuma ya mlango, kama mgeni anayeogopa kufukuzwa. Chakula anakichezea tu. Gari likisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale chini ya dirisha letu, anainuka kuchungulia. Si wewe. Anarudi kukaa. Mimi namwona na najifanya sioni, na kazi hiyo ya kujifanya imenichosha kuliko kuzalisha ng'ombe. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kuona watu wakigombana kwa ajili ya Mungu, halafu anayelala kwenye kochi ni mama wa mtu.

Turudi kwenye Ijumaa yangu.

Darasani nilikuwa na rafiki, Serik, kijana wa Kikazaki mwenye akili nyingi na maneno mengi zaidi. Alikuwa amelelewa na bibi yake, na wao bibi humwita Azhe, nami nikamwita hivyo hivyo. Serik alinialika kijijini kwao siku ambayo wakubwa wa chama cha Kikomunisti walikuwa wanakuja kuiona nyumba aliyotoka, maana walitaka kumpeleka Moscow akasome zaidi. Baadaye nilielewa kwa nini nilialikwa siku hiyo. Mwafrika sebuleni alikuwa pambo zuri.

Tulifika asubuhi. Mimi nikaona haya, nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, nikamnyooshea Azhe mkono. Azhe hakuupokea. Alinishika kiwiko akanivuta mpaka ndani, na hapo ndipo aliponisalimia na kunibusu, huku akinigombeza. Serik akanitafsiria kwa Kirusi akicheka: "Anasema usisimame kizingitini. Ingia, au rudi ulikotoka. Kizingitini hakai mtu, hukaa baridi tu."

Kwao kizingiti hakikanyagwi, na watu hawasalimiani wala kupeana kitu juu yake. Ni mwiko wa zamani kuliko msikiti na kuliko chama. Wazee wao wa kale waliiita mbingu ile ya buluu Tengri, wakaiomba mvua na majani ya mifugo. Moto wa jikoni waliuita mama. Bibi arusi akiingia nyumba ya mumewe, alitia mafuta kidogo kwenye moto ule na kuinama, ndipo akahesabiwa kuwa mtu wa pale. Baadaye Uislamu ukaingia nyikani, ukapokewa, na watu wakaswali. Lakini moto haukufukuzwa. Nilimsikia Azhe kwa masikio yangu akisema Bismillahi, kisha akitaja Tengri kwa pumzi ile ile, na wala hakuona shida yoyote. Mimi niliyelelewa Kitui na wamisionari nilishangaa, kisha nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye alikuwa hakosi kanisani Jumapili na hakosi kuwatilia wazee wa kale togwa kidogo chini kabla hajanywa.

Kila Ijumaa Azhe alikaanga mikate saba myembamba, kama chapati, ili harufu ya mafuta iwafikie waliokufa wajue hawajasahauliwa. Aliwataja mmoja mmoja. Mume wake, kaka zake waliokufa kwa njaa, na binti yake, ambaye ndiye aliyemzaa Serik. Kisha mikate ikagawiwa majirani. Hicho ndicho kilikuwa kisa chote. Hakuna aliyeabudu chapati.

Siku hiyo alikuwa amewasha moto wake uani kama kawaida, sufuria imepata moto, mikate miwili mitatu imeshaiva. Serik akasikia ngurumo ya gari barabarani. Akabadilika rangi. Akamwambia bibi yake azime. Bibi akamwambia ngoja kidogo, mama yako bado sijamfikia. Serik akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya moto.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Kwa watu wale kumwagia moto maji ni zaidi ya kumtukana mtu. Moshi ulipanda, mafuta yakaruka, mkate mmoja ukabaki umelowa kwenye majivu. Mimi nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze. Azhe hakupiga kelele. Alijifuta majivu usoni kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akamwambia mjukuu wake maneno ambayo Serik mwenyewe alinitafsiria miaka mingi baadaye, kwa maana siku hiyo hakuweza.

"Babu zetu walisema Tengri, wakawasha moto huu. Mashehe wakaja, tukasema Allah, tukawasha moto huu. Ninyi mkaja, mkasema hakuna mtu juu, tukanyamaza, tukawasha moto huu. Wote mlitukuta tunauota moto huu. Sasa umeuzima, nani atakuita jina lako siku ukifa?"

Wakubwa wakaingia, wakanywa chai, wakanisifia Kirusi changu. Serik akapata nafasi yake. Azhe, asiye na moto tena pale, akafunga mzigo, akapanda treni akaenda kwa binti yake mwingine, safari ya siku nzima. Serik alisema atamfuata majira ya kuchipua, mambo yakishatulia. Unajua, kila mtoto anayemtoa mama yake nyumbani ana tarehe yake kichwani. Azhe akafa katikati ya baridi, ardhi imeganda kama chuma, na mjukuu wake yuko Moscow akifanya mtihani. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, lakini sikuwahi kumwona mjukuu mwenyewe akilia hivyo.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. La.

Chama kikaanguka, dola likavunjika, misikiti ikarudi. Serik akarudi nayo. Leo ni mzee kama mimi, ana ndevu nyeupe, swala tano hazimpiti, na moyoni, naamini, ni mtu wa kweli. Tunazungumza kwa WhatsApp, tukilalamikia viungo vyetu. Juzi alinipigia kwa video akiwa amejiinamia. Alitaka kukaanga mikate saba, ampelekee Azhe kaburini, hatimaye, baada ya maisha mazima. Mwanawe, aliyekwenda kusoma dini nchi za mbali, akaja akamnyang'anya kikaango. Akamwambia baba, huo ni ushirikina, ukifanya hivyo sikanyagi tena nyumbani kwako. Serik akaniambia, "Kathini, nilipokuwa kijana chama kilinikataza bibi yangu. Sasa nimezeeka, mwanangu ananikataza bibi yangu. Mungu mwenyewe sijamsikia akinikataza."

Nilimwambia tu pole, na pole ni neno dogo.

Sasa wewe. Ulikuja kwangu wiki ile uliyomtoa mama yako kwenu, ukiwa na begi la nguo zake. Nilikufungulia, nikakuambia karibu ndani, nimepika. Ukabaki mlangoni, kiatu kimoja juu ya kizingiti changu, ukanyoosha begi.

"Non, Mama Kathini, siingie," ukasema. "Mu nyumba kwenye wanamwangiaka wafu chai, pasta alikatazaka. Sac yake njo hii, dawa ya tension, ya presha, iko ndani. Akiacha ile mambo, arudi. Asipoacha, basi."

Mama yako alikuwa jikoni, hatua chache tu, amelishika sinia. Alisikia yote.

Nilimwona Serik na ndoo yake.

Sikuchukii. Hata pasta wako simchukii, na haki yake nampa. Ulipofika mji huu ulikuwa unalala ovyo, unakunywa chochote kilichomiminika, na mama yako alikuwa anauza vitenge Isipingo huku akikuulizia kwa kila dereva wa taxi. Kanisa lile lilikuokota. Likakuvisha, likakupa kazi kwenye duka la simu, likakufundisha kuomba. Shika imani yako kwa mikono miwili. Mimi pia naomba, na ninamwomba Mungu huyo huyo. Chai simwagi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, na wala usijidanganye kwamba huu wako ni wa mwisho kupita. Nimeona dini zikipanda na dini zikishuka, na wanadamu wale wale wakibadilisha nguo. Kila aliyekuja alileta ndoo yake ya maji. Kila mmoja alikuwa na uhakika.

Nilimuuliza mama yako siku moja, kwa sababu nilitaka kuelewa. Nikamwambia, dada, si ungeacha tu kummwagia mumeo chai kwenye chungu cha maua, mtoto akafurahi, ukarudi kwako?

"Mama Kathini, miye siabudu chungu ya maua," akasema. "Niko nasalimiaka bwana yangu tu. Kaburi yake iko Bukavu. Huku minaikala na kikombe tu. Nikiacha kumusalimia, nani atamusalimia? Espoir?"

Akacheka kidogo, cheko la kuficha. Sikumuuliza tena.

Na kuna jambo moja ambalo hulijui, kwa sababu hukuwahi kukaa ukasikiliza, ulikuwa unakimbia ukiziba masikio. Mimi nyumba yangu ni ndogo, nasikia kila kitu. Mama yako akitoka kwenye baraza asubuhi na kikombe chake, akimwaga ile chai ya kwanza kwenye chungu cha maua, huwa anazungumza na baba yako. Anamweleza habari. Anamwambia, Espoir ameacha pombe. Espoir ana kazi nzuri, anavaa shati safi, anaimba kanisani mpaka watu wanasimama. Anamwambia, tulizaa mtoto muzuri.

Hajamwambia kwamba ulimtoa nyumbani. Nimesikiliza kila asubuhi, hajamwambia. Anakufichia aibu hata kwa wafu.

Hao ndio mashetani uliowakimbia, mwanangu. Ni mama anayekusifu kwa baba yako.

Basi sikiliza nasaha ya bibi kizee, na kama hutaki ya kwangu, chukua ya Azhe. Imani mpya ikikufikia ipokee, ila usiipishe mlangoni kwa kumsukuma nje aliyekuzaa. Usichokubaliana nacho kwa mama yako, nyamazia. Kunyamaza hakumfanyi mtu kafiri. Omba dua zako chumbani, yeye amwage chai yake barazani, na Mungu, ambaye ana umri mkubwa kuliko pasta na kuliko mimi, atajua mwenyewe cha kufanya na vyote viwili. Anayezima moto wa mamaye hupika kwa nani? Na usiniambie utakuja mambo yakitulia. Hayatulii. Nilimjua mtu aliyengojea yatulie, na leo ana ndevu nyeupe na kikaango amenyang'anywa.

Mama yako hajafa, Espoir. Hiyo ndiyo tofauti kati yako na Serik, ni hiyo peke yake, na haitakaa milele.

Mungu akulinde barabarani. Akupe mke mpole na watoto watakaokustahimili ukizeeka na tabia zako. Moto wa nyumba yako usizimwe na mkono wa uliyemlea, na siku yako ikifika, asikosekane wa kulitaja jina lako asubuhi.

Jumamosi napika maharage na wali, kutoka hatutoki. Njoo umchukue mama yako. Na ukifika, usisimame kizingitini. Ingia.