Gitaa la Nyakundi na Redio ya Tata

Kioo kimoja cha dirisha la darasa letu kimelegea. Kila lori la majani ya chai likipanda mlima, kioo hicho kinanguruma, zzzz, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa, na mwalimu wa hisabati ananiangalia mimi. Kelele yoyote humu ndani ni yangu mpaka apatikane mwenyewe. Leo ameniambia nikunje karatasi nikizibe. Nilifika dirishani nikasimama tu, na ninyi peke yenu ndio nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita, nyumbani kwetu Manga, na mama alikuwa na miezi minne tangu azikwe. Nasema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alizikwa, watu wakala, viti vya kanisa vikarudishwa. Sikulia. Siku ya mazishi nilimwiga mchungaji anavyopandisha suruali, shangazi akanifinya mkono mpaka ukavimba, nami nikauangalia ule uvimbe kama wa mtu mwingine. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja mama. Tata, yaani baba yetu, alichuma chai, akaombea chakula, akalala. Redio yake haikuwashwa tena. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichoshona mama, nasi tukipita hapo kama wageni.

Ndipo kaka yangu Nyakundi aliporudi kutoka Kisumu, alikokuwa akifanya kazi, na gitaa la umeme. Jipya, jekundu kama pilipili, bado linanuka rangi. Jumapili hiyo bendi moja ya mjini Kisii ilikuwa imekubali kumsikiliza. Tata alisema maneno machache tu: "Wakikukataa, hilo linarudi dukani, na wewe unashika kikapu cha chai."

Shida ni kwamba gitaa la umeme lilikuja kwenye nyumba isiyo na umeme. Majirani walikuja kulipapasa wajue umeme umekaa upande gani. Magokoro, nyanya yetu, alikataa kukaa nalo chumba kimoja. Kwetu radi haina adabu, na mvua ya alasiri haikosi. Halafu huyu kijana analeta chuma cha umeme chini ya mabati! "Mkichomeka humo msiniite," alisema, akahamia jikoni na ungo wake wa wimbi.

Ijumaa, Tata akiwa amepeleka majani kituoni, Nyakundi aliishusha redio. Mimi nilishika kitambaa. Nyuma kulikuwa na tundu la kuunganishia gramafoni, na hapo ndipo alipochomeka waya wa gitaa. Mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa yamechoka, kwa hiyo nilikuwa nimeyaanika juani tangu asubuhi yapate nguvu. Redio ikakohoa, halafu gitaa likatoka mle ndani, sauti nyembamba, kama mtu anayeongelea puani.

Lakini nyuzi zilikuwa juu mno, zikamkata vidole. Zilibebwa na kipande cha chuma chenye skrubu ndogo ndogo. Ukizungusha, nyuzi zinashuka na kubonyezeka vizuri. Ukizidisha, zinagusa vyuma vya shingoni na gitaa linanguruma. Basi anazungusha bisibisi kidogo, anapiga, zzzz, anarudisha. Anazungusha tena.

"Bendi inataka sauti safi, Kerubo," aliniambia. "Safi kama maji."

"Si uwapelekee maji?"

Hakucheka. Tangu mazishi hakuna aliyecheka utani wangu, na mimi niliendelea kuutoa tu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba tupu.

Jua lilikuwa karibu kuzama na Sabato yetu ya Jumamosi karibu kuingia alipofaulu. Nyuzi zote sita, safi. Alipoinua macho, Tata alikuwa mlangoni, kikapu kitupu mgongoni, maji ya mvua yakimtiririka. Aliiangalia redio. Akakiangalia kitambaa mikononi mwangu. Nilingoja kofi bila hata kuogopa.

"Piga," alisema.

Nyakundi akapiga.

"Leta bisibisi."

Tata, mzee wa kanisa mzima, akachutama sakafuni, akashusha nyuzi, skrubu moja baada ya nyingine.

"Tata, zitagonga!"

"Piga."

Likanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Sasa linaongea," Tata alisema.

Magokoro alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, radi ameisahau. "Nani ameleta obokano hapa?"

Obokano ni kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi nane, cha arusini. Ule mngurumo ndio utamu wake. Kisiponguruma, mpigaji anaambiwa akakitengeneze kwanza.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Tata, akimwelekezea mwiko. "Moraa aliacha chakula arusini kwa dada yake, akaja kukaa mbele ya kelele yako hiyo. Halafu ukabatizwa, ukaipasua obokano yako ikawa kuni."

Moraa ni mama. Lilikuwa jina lake, limesemwa ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyelia. Tata alisema Sabato imeingia, akazima redio, akachukua kitambaa mikononi mwangu, akaifunika. Tukala.

Jumapili Nyakundi alikwenda Kisii, akarudi mapema.

"Wamesema gitaa bovu. Nikalitengeneze kwanza."

"Si ungezungusha skrubu, mjinga wewe? Ni kazi ya dakika tano!" nilimwambia.

"Bisibisi nilikuwa nayo mfukoni," alisema, akaitoa, akaiweka mezani.

Kesho yake darasa zima lilisikia kutoka kwangu habari za kaka yangu mpumbavu, na hao angalau walicheka. Nyakundi alishika kikapu. Lakini gitaa halikurudi dukani, wala Tata hakuliulizia. Jioni akitoka kuchuma chai Nyakundi alilipiga vile vile, likinguruma, na Tata akawa anaanika mawe ya redio mwenyewe.

Leo pale dirishani ndipo nilipoelewa. Nyakundi angekaza zile skrubu angepata bendi, na sisi tungebaki bila mahali pa kumsikia mama. Alichagua akiwa njiani, kilomita hizo zote, mkono mfukoni. Bado sijalia. Nawaambia tu kilichotokea.

Mwalimu ameniuliza karatasi iko wapi. Nimemwambia sina. Na daftari hili ninaloandikia lilikuwa mbele yake, mezani, limefunguliwa.