Mwalimu Anayetaka Kurusha Ndege

Juma lililopita nilipanga foleni ya pasipoti hapa Musoma. Mbele yangu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Bunda, mkoba kaukumbatia kifuani. Ofisa akamwuliza anakwenda nchi gani.

"Kenya kwanza, nikasome darasani na kuanza kuruka. Halafu Zambia kwa mjomba, nimalizie saa zangu za kuruka. Nimeuliza, kule watazikubali za Kenya."

"Kuruka na nini?"

"Ndege, afande. Nataka leseni ya rubani."

Ofisa akaweka kalamu mezani. "Mwalimu, hapa hata petroli ya gari la ofisi hatuna."

"Najua. Ndiyo maana siendi kujifunzia hapa."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

"Na mumeo anasemaje?"

"Yuko nje na baiskeli, ananisubiri. Wanafunzi wangu wa kike wananiulizaga kama wanaweza kuwa marubani. Nimechoka kuwajibu kwa maneno."

Ofisa akaichukua kalamu na kuanza kuandika.

Zamu yangu ikafika. Nikaulizwa safari yangu ni ya nini. Nilikuwa nakwenda Kisumu kutafuta sabuni, iliyoadimika madukani kwetu, nikajibu kwa sauti ya chini sana.