Gari Lililoshuka Bila Kupanda

Nsajigwa alikuwa mtu wa kuchagua. Ukimpa ndizi ataigeuza pande zote. Ukimpa chai ataitazama kwanza rangi yake, kana kwamba maji nimeyachota mtaroni. Nilikuwa nauza chai na maandazi hapa mjini, Bulyaga, mbele ya kibanda cha Fikirini muuza matairi, kwa hiyo maringo yale niliyavumilia kila asubuhi. Nilimvumilia kwa sababu alikuwa mtu mwema. Landrover yake ndefu ya kijani ilishabeba wagonjwa wengi wa Suma, kule mlimani, kuwapeleka hospitali ya Igogwe, na wengine hawakumlipa hata ahsante.

Kabla ya enzi za ruksa, tairi jipya lilikuwa kama cheo. Ulilipata kwa kibali, na kibali ulikipata kwa kujuana. Nsajigwa hakujuana na mtu, basi akatembelea vipara miaka na miaka, hadi watu wa Suma wakaizoea alama yake barabarani: laini, bila jino hata moja, kama njia ya konokono. Ndivyo vipara hivyo vilivyomponza. Mimba ya kwanza ya mkewe Ikupa iliharibikia njiani, gari likiwa limezama kwenye tope jekundu, yeye yuko chini anachimba kwa jembe na mwanamke yuko ndani analia. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akicheka kwa sauti.

Kisha biashara ikafunguliwa, mali ikaanza kuingia kwa njia ya Tunduma, na Fikirini akajikuta na matairi yamepangwa hadi darini. Mwaka huohuo Ikupa akashika mimba tena. Mama yake, Tulinagwe, alimchukua akamweka kwake Suma, akasema mtoto wa kwanza hazaliwi mbali na mkono wa bibi yake. Daktari wa Igogwe naye alisema uchungu ukianza tu, aletwe haraka. Katikati ya maneno ya bibi na maneno ya daktari kulikuwa na barabara ile ya tope. Nsajigwa akaja kununua matairi.

Fikirini alikuwa mtu wa Kilwa kwa babu, mwenye maneno matamu. Akamviringishia tairi pana linalong'aa.

"Hili ndilo wanaloweka wakubwa wa miradi, ndugu yangu. Gari linasimama kama simba."

"Pana linaelea juu ya tope kama bata," Nsajigwa akasema. "Nataka jembamba. Likate tope mpaka likanyage ardhi ngumu."

Alichagua asubuhi nzima. Alibonyeza mpira kwa kidole gumba asikie ugumu wake. Aliingiza ngumi kati ya meno ya tairi, aone kama tope litapata nafasi ya kudondoka au litaganda humo. Alinusa, haki ya Mungu, alinusa. Mwisho akashika manne membamba, yenye meno marefu yaliyopangwa kwa mkato wa V, kama ya trekta ila madogo. Hakukosea. Hata leo madereva wa huku watakwambia hivyo.

Tatizo lilikuja kwenye kufunga. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na mshale wa kuonyesha lizungukie wapi, na Fikirini alipotaka kuufuata, Nsajigwa akamshika mkono.

"Geuza yote manne. Mshale utazame nyuma."

"Bwana we, tairi lina mbele na nyuma, kama kanzu. Ukiivaa kinyume utatembea, lakini watu watakushangaa."

"Washangae. Kupanda mlima hakujaua mtu. Kinachoua ni kushuka na mzigo. Nikifunga breki kwenye mteremko, nataka meno yaume kwa upande huo."

Fikirini akatikisa kichwa, akageuza. Mimi ni mtu wa Kyela, chai naijua kwenye birika tu, kwa hiyo sikuona ubaya wowote.

Lakini watu wa Suma wanalima chai, na mkulima wa chai ana macho yake. Jani likishachumwa halingoji. Trekta la kukusanya majani lina meno ya V, na alama yake topeni hufungua mdomo kule trekta linakoelekea. Mtu akifika kwenye banda la kupimia chai, anainama, anatazama. Mdomo ukitazama mlimani, trekta limepanda, litarudi, anakaa na kikapu chake. Ukitazama bondeni, limeshashuka, anarudi nyumbani na hasara yake. Hilo mtoto wa Suma hulijua kabla hajajua kusoma. Na kumbuka, mtu hatazami alama za gari analoliona. Hutazama za gari ambalo hakuliona.

Wiki chache baadaye, akina mama waletao ndizi sokoni walikuja na habari.

"Juba," mmoja akaniambia, yaani mama kwa lugha ya huku, akishika kikombe kwa mikono miwili, "kule kwetu kuna gari linashuka tu. Halipandi."

"Linashukaje bila kupanda?"

"Ndiyo hivyo. Asubuhi unakuta alama zinatoka msituni kuja huku. Za kupanda hakuna. Na kwa trekta ni nyembamba mno, tena trekta limeharibika tangu mvua zianze. Gari lenyewe halionekani. Ukungu tu."

Nsajigwa alikuwa hapohapo, andazi mdomoni. Jioni iliyotangulia alikuwa amepanda na mzigo wa simenti, akalala kwa rafiki yake mwisho wa barabara, akashuka asubuhi baada ya akina mama wale kupita barabarani na kuingia njia ya miguu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Halafu linakwenda wapi?"

"Nani alifuate akaone?"

Aliweka kikombe chini, na chai ikabaki. Mtu aliyechagua tairi kwa kulinusa hakuwahi kushuka kutazama lilichoandika ardhini. Akaanza kuliogopa gari lile kama wenzake. Kila kona ya Suma akawa anapiga honi ndefu, ili kama lipo, limpishe. Na watu majumbani mwao, wakisikia honi ndani ya ukungu mahali ambapo hawaoni gari, wakafunga milango. Sasa gari la mlimani likawa na alama, likawa na sauti pia.

Mwezi wa tano, siku moja, ukungu ulishuka tangu alfajiri ukakataa kuondoka. Hata pale Bulyaga nilikuwa namhudumia mteja namwona kuanzia kifuani kwenda juu. Muuza maziwa akatokea akihema, akamwambia Nsajigwa, "Umeitwa. Ikupa ameanza." Nsajigwa aliondoka bila hata kuaga.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Hosea, kaka yake Ikupa, na mengine na Nsajigwa mwenyewe.

Landrover ilipanda bila kuteleza hata mara moja. Ilipita banda la kupimia chai, ikaendelea na barabara inayozunguka bonde hadi nyumbani kwa Tulinagwe. Mlango ulikuwa wazi. Moto jikoni ulikuwa unawaka, chungu kinachemka, na hakukuwa na mtu. Aliita, akasikia maji tu yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Jirani hakuna, kuku hakuna. Aliniambia alisimama pale mlangoni na akashindwa kuvuka kizingiti.

Kumbe uchungu ulikuwa umezidi, na Tulinagwe aliamua asingojee. Hosea na majirani walimbeba Ikupa kwa machela, wakakata kwa njia ya miguu hadi bandani, ili gari liwakute karibu. Gari lilipopita, wao walikuwa bado kwenye mashamba. Walipomweka kwenye benchi, Hosea akainama kutazama barabara, kama alivyofundishwa na baba yake.

Alama zilikuwa mbichi, maji hayajazijaa. Nyembamba, za meno. Mdomo ulitazama bondeni.

"Mama," akasema. "Limeshuka. Sasa hivi limepita hapa."

Hakuna aliyeuliza ni lipi. Na hapo ndipo honi ikalia, ndefu, kule juu mlimani, upande ambao hakukuwa na gari lililopanda. Majirani walikimbia. Nawalaumu? Siwalaumu, hata mimi ningekimbia. Hosea na mama yake wakamburuta Ikupa kwenye migomba, wakalala chini.

Tulinagwe alikuwa na msemo aliorithi kwao: usiitike sauti ambayo hujaiona miguu yake. Watoto wake wote aliwalea kwa msemo huo, na Ikupa alishamfundisha mumewe.

Gari likaja, likasimama bandani. Nsajigwa alikuwa ameiona kanga ya mkewe juu ya benchi. Aliishika, ikawa bado na joto. Akazima injini na kuita.

"Ikupa!"

Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Ikupa, uko wapi? Hosea! Mama!"

Walikuwa mwendo wa kurusha jiwe tu kutoka pale. Hosea aliniambia huku akitazama mikono yake: "Sauti ya shemeji niliijua. Ndiyo maana niliogopa zaidi. Nikasema, sasa limejua mpaka majina yetu." Ikupa alijaribu kuinua kichwa. Mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja, akakikandamiza, akimwomba Mungu wake, Kyala, kimoyomoyo. Nsajigwa aliita hadi sauti ikakauka. Alizunguka banda, akaita kuelekea bondeni, akaita kuelekea mlimani, na kila upande ukungu ukamrudishia jina la mkewe. Akakaa kwenye ngazi ya gari na kanga mapajani. Aliamini gari lile limemchukua.

Ndipo akasikia kichanga kikilia kwenye migomba.

Kwa msemo wa nyumba ile, alipaswa kuwasha gari na kuondoka. Alichukua mpini wa jeki akaingia migombani, na aliniambia alidhani anakwenda kukiona kilichomla mkewe. Alimkuta Tulinagwe amepiga magoti kwenye damu. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine bado uko mdomoni mwa Ikupa. Mama yule alipoona miguu ya mkwewe, viatu vyake vya mpira vyenye kiraka, alitoa mlio ambao Hosea anasema bado anausikia.

Kushuka kule, matairi yalifanya kila kitu alichoyachagulia. Kwenye miteremko iliyomeza malori, Landrover ilishika ardhi na haikuyumba. Ikupa alikuwa amelazwa nyuma, kichwa mapajani mwa kaka yake. Alisema mara moja tu, na Nsajigwa alisikia kutoka usukani.

"Nilijua ni wewe. Mama alinishika mdomo."

Walipoanza kuona mapaa ya Igogwe alikuwa ameshakata roho. Damu ilikuwa imemwishia migombani, wakati anaitwa.

Siku ya maziko gari lilibeba jeneza kulipandisha kwa baba yake Nsajigwa, na sisi tukafuata nyuma kwa miguu, tukiimba. Hosea alikuwa mbele yangu. Nikamwona ananyamaza katikati ya wimbo, anainama, kisha anasimama palepale watu wakimpita. Jeneza lilikuwa linapanda mbele ya macho yetu, na alama mbichi chini ya miguu yetu zilikuwa zinafungua mdomo bondeni, zikisema gari linashuka. Hosea alishika kichwa. Alipoweza kusema, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni yeye. Siku zote alikuwa ni yeye." Nililia kwa hasira, sikujua nimkasirikie nani.

Kesho yake Nsajigwa alikuja kwa Fikirini akiwa peke yake. Fikirini aliyageuza matairi yote manne, mshale ukatazama mbele. Nilimpelekea chai. Aliinywa bila kuitazama rangi, na tangu siku hiyo sikumwona tena akichagua kitu.

Tulinagwe hakulaumiwa na mtu, na hilo ndilo lililomzeesha. Kila akija mjini kumwona mjukuu wake alitembea kutoka Suma hadi Bulyaga, mvua au jua. Landrover ikimpita na kusimama, alipunga mkono tu: ndaga, ahsante, mwanangu, nenda.

Mtoto aliitwa Lusungu. Alikulia hapa kwangu, baba yake akiwa safarini, chini ya meza ya maandazi. Nimelea watoto wengi, na kila mtoto unamwita mara tatu ndipo ageuke. Huyu hapana. Ukianza tu jina lake, hata kwa kunong'ona, hata akiwa amelala fofofo, anaitika kabla hujalimaliza.