Aliyeita Mara Moja

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, alikuwa na sheria moja kuhusu maji: ukisikia jina lako likiitwa mara moja karibu na bwawa, usiitike. "Mtu wa kweli ataita mara mbili," alisema. "Wale wa maji wanaita mara moja tu, halafu wanangoja." Alikuja na sheria hiyo kutoka kwao Kabuchai, na mimi niliishika kuliko amri kumi za kanisani.

Shule yetu, nje kidogo ya Kitale, zamani ilikuwa shamba la mzungu. Madarasa ya kwanza yalikuwa stoo zake za mahindi, na nyuma yake kulikuwa na bwawa. Ati wageni wake walikuwa wakija Jumapili kustarehe pale na mashua. Sisi tulilijua kwa kazi: kila Ijumaa tulichota maji ya kupiga deki.

Ijumaa moja, nikiwa darasa la nne, nilienda na Nekesa, rafiki yangu wa dawati moja. Mtungi wangu ulijaa kwanza, nikatangulia. Nilipofika kwenye ua wa shule nikasikia, "Nafula!" Mara moja. Nilisimama, nikangoja la pili. Halikuja. Nikatimua mbio, na niseme ukweli, nilijisifu. Nilidhani nimewashinda wa maji.

Walimu walimtoa Nekesa jioni. Mtungi wake ulikuwa bado unaelea.

Kwenye matanga mamake aliniuliza, "Hakukuita, mwanangu?"

"Hapana," nikasema.

Kukhu alikuwa kando, akanitazama. Tangu siku hiyo mpaka akafa, akinitaka aliita "Nafula, Nafula," haraka haraka, bila kupumua katikati. Simlaumu. Alitaka nisife maji, na kweli sikufa.

Bwawa lilifukiwa, sasa ni uwanja wa mpira. Watoto wanaocheza pale hawajui kitu, na ni heri.

Mwaka jana nilimkuta mama Nekesa akiuza ndizi sokoni Kamukuywa. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Alinishika mikono yote miwili kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ndiye ulinipatia usingizi," akasema. "Kama hakuita, basi alienda haraka. Hakuogopa. Si ndiyo?"

Safari hii niliitika.

"Ndiyo, mama."