Mkono wa Kushoto wa Koti

Mama mkwe alipiga simu kutoka Mbalizi akasema anakuja Iringa kupima macho. Nilishangaa kidogo. Macho ya mama mkwe yanaona sindano iliyodondoka chini ya kochi kabla mimi mwenye sindano sijajua kama imedondoka. Lakini mtu amefiwa na mume, matanga hayajaanuliwa, akisema anataka kupima macho nani atambishia? Nikamwambia karibu, mama.

Alishuka stendi na mfuko mkubwa wa mchele wa Madibira. Alinikataza nisiuguse. Nikamtazama anavyoutembeza kwa mkono mmoja, nikajiuliza mchele gani huo mwepesi hivyo. Tulipofika nyumbani mume wangu alikuwa kazini. Mama mkwe akafunga mlango, akatoa kifuko cha nailoni chenye mchele wa kupika mara mbili hivi, ndio uliokuwa juu. Kisha akaingiza mikono yote miwili na kuvuta koti.

Nililijua hata kabla halijatoka lote. Koti la baba mkwe, la sufu, la kijivu, zito kama mtoto aliyelala. Alilivaa shambani, kanisani na kwenye harusi yetu. Kwenye picha zote za harusi yupo nalo, jua kali. Na kila mtu katika ule ukoo alijua litakwenda wapi. Kwao, siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu wanagawana ndugu zake, na koti kubwa ni la mdogo wake anayemfuata. Mjane hapewi nguo ya mume. Ndivyo ilivyo, sikuitunga mimi.

"Likate," mama mkwe akasema.

"Mama, hili si la baba mdogo?"

"Koti ni lake. Blanketi si lake. Wewe umewahi kusikia mila ya kugawa blanketi la mjane?"

Nikafikiri. Kwa kweli sijawahi kusikia.

"Na koti lenyewe nililichagua mimi," akaendelea. "Mnadani, kwenye rundo la mtumba. Mama mmoja kashika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Tumevutana mpaka muuzaji anapiga kelele. Marehemu alikuwa wapi? Yuko kilabuni anakunywa komoni!" Akalikunja mapajani, akalipigapiga kama anavyopigapiga mgongo wa mtoto. "Nikilala naliweka hapa nyuma. Likienda nitaweka nini? Picha?"

Hapo nilikwisha.

Niseme kidogo habari ya mashine, maana bila hiyo mtu hataelewa kwa nini alikuja kwangu. Sebule yetu haina meza wala kabati la vyombo. Ina mashine ya kumalizia mablanketi ya viraka. Niliachiwa na mama mmoja mgeni niliyekuwa nashona naye kanisani, alipohama. Alisema ni nzito mno kuisafirisha, na mpaka leo sijui aliniachia kwa kunipenda au kwa sababu ya uzito. Ni cherehani yenye shingo ndefu, inatembea juu ya reli, na fremu yake ya chuma inakula sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Cherehani ya kawaida unasukuma kitambaa. Hii kitambaa kimetulia kwenye mabomba, tabaka tatu, mgongo chini, pamba katikati, viraka juu, na wewe ndiye unashika mashine kwa masikio yake mawili kama pikipiki na kuitembeza. Jirani alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama nimefungua zahanati. Alidhani ni kitanda cha kujifungulia. Mume wangu hutazama mpira akiwa kwenye kigoda chini ya fremu, na timu yake ikifunga husahau, anasimama. Ana kovu.

Kabla ya kukata chochote huwa nachora. Natumia daftari la hesabu lenye vyumba, chumba kimoja kiraka kimoja, napaka kwa penseli za rangi za watoto. Ukurasa wa pili naandika mambo ya siku, ndio haya ninayoyanakili hapa. Niliishia kidato cha pili na sijui kama naandika inavyotakiwa, ila vyumba vinanisaidia kutotoka nje ya mstari.

Tulichora pamoja. Mama mkwe alitaka koti likae juu, lionekane. Nikamwambia mama, likionekana litaonekana. Akakubali shingo upande. Tukapanga vipande vya koti viwe chini, upande wa mgongo, pembeni nizungushie kitambaa cheusi. Juu tuweke vitenge vya njano na bluu mpaka koti lijisahau.

"Mume wangu nimwambie?" nikamuuliza.

"Thubutu! Yule mwanangu uso wake ni dirisha. Alipokuwa mtoto, akiiba sukari namjua kwa masikio."

Kwa hiyo tulifanya kazi mchana tu, akiwa kazini, na kabla hajarudi tunaficha kila kitu. Kufumua lile koti kulichukua siku mbili. Lilipofumuliwa liliacha harufu ya moshi, ng'ombe na ugoro. Mfuko wa ndani ulikuwa bado na ugoro wenyewe, umeganda kwenye kona. Nilipotaka kuukung'uta mama mkwe alinishika mkono.

"Huo uache. Usiukung'ute, usiushone. Nataka kuingiza mkono."

Hilo ni rahisi kusema. Ukishaviringisha blanketi kwenye fremu, mgongo uko chini, huuoni. Ukipitisha mishono juu ya mfuko umeuziba. Ikabidi nipime kwa rula, nichore kwa chaki juu ya kitenge mahali penye mfuko chini yake, kisha niuzungukie. Huwa napenda kushona mistari inayopinda kama matuta ya viazi kwenye mteremko. Matuta yangu yakafika kwenye ile chaki yakagawanyika, kama shamba lililokutana na jiwe. Nilivunja sindano mbili kwenye maungio ya sufu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda cha mume wangu akinisimamia: "Polepole, hapo ni begani."

Jioni ya pili mume wangu aliingia, akasimama mlangoni, akanusa.

"Mbona humu ndani kunanuka baba?"

Mimi nilijifanya natafuta uzi.

"Ni mimi," mama yake akajibu. "Miaka yote ile nimelala naye. Ulitaka ninuke nani?"

Kijana wa watu akaomba msamaha.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nitajitahidi kulisema sawasawa. Baba mdogo, yule mwenye haki ya koti, ni mtu wa kelele. Akiingia kwako anasifia kuku wako mpaka umchinje. Lakini nisimwonee. Kaka yake alipokuwa anaumwa, yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikipiki kila alipotakiwa, amemfunga mgongoni kwa kitenge asidondoke, watu wazima wawili na mvi zao. Na katikati yao lilikuwa koti lile lile. Nikikata kwa mkasi nilikuwa namwona. Basi mama mkwe alipotoka kwenda kuanika nguo, nikachukua mkono mmoja wa koti, nikaukunja, nikautia kwenye bahasha ya kaki. Pale ulipotakiwa kukaa nikaongeza kitambaa cheusi. Nilijiambia mwenye haki apate japo kipande. Sikuchagua mkono upi. Nilichukua uliokuwa karibu.

Na kwa kuwa sikutaka tuwe waongo wa pande zote, nilimpeleka mama mkwe kupima macho kweli. Daktari alisema macho yake hayana neno kwa umri wake. Akanitazama mimi ninavyokunja uso kusoma bango ukutani, akasema na wewe njoo. Mimi ndiye niliyetoka na miwani.

Siku ya kuanua matanga kule Mbalizi kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, upepo unaingia hadi kwenye mifupa. Nguo za marehemu zilitandazwa kwenye mkeka uani: mashati, suruali, kofia, buti. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, blanketi jipya magotini, upande wa vitenge juu. Watu walilisifia. Aliwaambia, "Kazi ya mkamwana wangu," na mimi nikatazama chini kwa sababu ambazo walidhani ni adabu.

Baba mdogo alikuja akichechemea, goti linamsumbua, akakaa karibu naye. Akahesabu mkeka kwa macho.

"Shemeji, koti liko wapi?"

"Koti?" mama mkwe akasema, kama anaulizwa habari za ng'ombe wa jirani.

"Koti la kaka! Kubwa, la kijivu!"

"Nyumba haina kufuli. Tafuteni."

Wanaume wakaingia kutafuta. Sandukuni, uvunguni, stoo ya mahindi. Mume wangu akapanda darini. Baba mdogo kwa sababu ya goti alibaki amekaa, meno yanagongana. Mama mkwe akamtazama, na hapo alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni.

"Shemeji, unatetemeka. Chukua, jifunike."

Akamtupia blanketi. Nilitaka kumkanyaga mguu, lakini mama mkwe hakanyagwi.

Baba mdogo akajifunika hadi shingoni. "Ee, hili lina joto kweli," akasema. Kisha akapiga chafya.

"Pole," mama mkwe akasema.

Akapiga ya pili. Nikaona pale kwenye kitenge, pale nilipozungusha matuta kwa chaki, pakiinuka na kushuka taratibu, kama kifaranga kinapita chini yake. Mkono wake ulikuwa umeupata mfuko. Akapiga chafya ya tatu, kubwa, machozi yakamtoka. Kama yalikuwa ya chafya tu mimi siwezi kusema. Akamtazama shemeji yake. Shemeji yake alikuwa anatazama migomba.

"Darini hakuna!" mume wangu akapiga kelele kutoka juu.

Baba mdogo akavuta pumzi. Nikajua tumekwisha.

"Banda la nguruwe mmetafuta?" akaita.

"Banda la nguruwe?"

"Kaka alikuwa na mambo yake! Nendeni wote. Mtafute mpaka chini ya majani, msifanye kivivu!"

Wakaenda. Mume wangu mbele. Uani tukabaki watatu na kina mama wa jikoni mbali kule.

"Shemeji," baba mdogo akasema polepole.

"Mm."

"Ugoro wa kaka umekauka."

"Si umalize kuupigia chafya."

Wakacheka, wote wawili, kimyakimya, mabega tu. Mambo yangeishia hapo, na mtu mwenye akili angekwenda jikoni kuangalia wali. Lakini ile bahasha ilikuwa inanichoma mkobani. Nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikampa kwa mikono miwili.

"Baba, hii ni haki yako. Nimeitunza."

Akatoa mkono wa koti. Mama mkwe aliacha kucheka.

"Nilijua!" akasema. "Tangu Iringa nahesabu. Mgongo upo, kifua kipo, mkono mmoja upo. Nikasema labda ni macho kweli!" Akaugeuza, akatazama kifungo cha kwenye pindo lake. "Na umechukua wa kushoto! Wangu niliouvuta mnadani!"

"Mama, sikujua..."

"Umenipunja, mkamwana!"

Baba mdogo sasa alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mkono mmoja nifanyie nini mimi? Ninayo miwili." Akaugeuzageuza. Akapandisha suruali, akaingiza mguu kwenye mkono wa koti, akauvuta hadi ukalifunika goti lote. Akashusha suruali, akasimama, akatembea hatua mbili tatu.

"Aa. Hapa sasa."

Mama mkwe alimtazama, nadhani, kama alivyomtazama yule mama wa mnadani. Lakini blanketi lilikuwa limebaki kitini. Akalivuta, akalikunja, akalikalia.

Wanaume waliporudi, matope ya nguruwe hadi magotini, baba mdogo aliwaambia wazee waache kusumbuka, koti limekwenda na mwenyewe, yeye atachukua kofia. Wazee wakasema ni sawa. Akavaa kofia hapo hapo. Mume wangu alinuka nguruwe kwenye basi mpaka Iringa, na mimi nilikaa upande wa dirisha nikijiuliza kama nimetenda haki au nimeivuruga. Sijapata jibu. Baba watoto, kama umefika hapa kwenye daftari, nisamehe. Darini ulipanda bure.

Mama mkwe analala na koti lake mgongoni, likiwa blanketi. Hanisemi tena kwa kumpunja. Ila kila akipiga simu, akishamaliza kuuliza habari za watoto na mvua, anauliza jambo moja.

"Hebu mpigie shemeji, muulize goti limepona?"

"Kwa nini mama?"

"Likipona, mkono urudi."

Nami nampigia, maana katika habari hii nimeshaficha ya kutosha. Kile kitambaa cheusi kilichokaa mahali pa mkono nimekishona kwa uzi mwepesi, kinafumuka kwa dakika moja. Baba mdogo anapokea, anasalimia vizuri, kisha anaguna.

"Bado, mwanangu. Linauma hilo, we acha tu."

Mama mkwe anasema alimwona juzi amebeba gunia la viazi. Mimi sikuwepo, siwezi kushuhudia.