Kompyuta Iliyonukia Udi

Kompyuta yetu ilikuwa ikinukia udi. Ukiiwasha, kabla hata skrini haijapata rangi, chumba kizima kilijaa harufu ya arusi. Wageni walisifu, nami nikijivuna kidogo, maana sijaona nyumba nyingine hapa Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, yenye kompyuta inayonukia vile. Sikujua kwamba harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiimaliza.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya kizamani kidogo, na lile sanduku lake zito ambalo fundi akilinyanyua huguna. Niliinunua ili nifanyie kazi nyumbani. Nachapia watu barua, maombi ya kazi, kadi za arusi, na mara mojamoja utafiti wa mwanafunzi ambaye mwenyewe hajui anasema nini. Tuliiweka chumbani kwa mama, chumba cha ndani kabisa, kwa kuwa jua halifiki huko na kuta zake ni nene.

Mama alikuwa msomaji. Wanawake wa Amu, kama tuiitavyo Lamu wenyewe, wa rika lake wanalijua hilo vizuri. Penye maulidi ya wanawake, penye arusi, penye mtoto aliyetimiza arubaini, yeye ndiye aliyeanzisha kasida na wengine wakaitikia. Kipaza sauti hakukihitaji. Akisoma orofani, anayepita ujiani chini alisimama. Halafu akaota tezi shingoni, ikakua mpaka ikawa inamkaba, na daktari huko Mombasa akatuambia bila kuzunguka kwamba haina budi kutolewa, na kwamba baada ya hapo sauti huenda ikarudi, huenda isirudi.

Kabla ya kwenda kupasuliwa nilimketisha kitandani alasiri mbili, nikafunga madirisha, nikamrekodi kwa simu. Alisoma kasida zote alizozipenda, akipumzika akinywa maji ya uvuguvugu. Simu ilipojaa nikazihamishia kwenye kompyuta, na ikawa salama yetu, kwa sababu siku tuliyorudi, nikimshika mama mkono ashuke botini, simu ilinichopoka ikazama pale pale gatini. Sikuisikitikia hata kidogo. Nilikuwa nimemrudisha mama nyumbani akiwa mzima, na simu hununuliwa.

Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono ambao lazima umsogelee ndipo uusikie, na jikoni kukiwa na sufuria inachemka huusikii kabisa. Alisema alhamdulillahi akaendelea na mambo yake. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, sijui na nani. Kasida zake hakutaka kuzisikia. Kila nilipouliza kama nimuwashie alitikisa kichwa, na watu wakija kumjulia hali wakaomba wao, alinitupia jicho ninalolijua tangu utotoni, nami nikaghairi. Nikadhani ameamua kuyasahau yote yaliyomo mle.

Nilikosea. Kwetu Alhamisi alasiri nyumba hufukizwa, na mama hana mchezo na jambo hilo. Makaa hutiwa kwenye chetezo, juu yake udi, na chetezo hicho huzungushwa kila chumba: nguo, mashuka, mito, misahafu iliyo kwenye zidaka za ukutani. Kitu cha thamani nyumbani kwetu hufanyiwa mambo mawili, hufunikwa na hufukizwa. Basi tangu turudi kutoka Mombasa mama akaanza kuifukiza na kompyuta. Chetezo alikiweka chini ya meza, ubavuni mwa lile sanduku, akakiacha hapo mpaka makaa yazimike yenyewe. Tena akaishonea kifuniko cha kitambaa cheupe, akakidarizi pembeni kwa uzi wa kijani, na aliifunika nacho hata ikiwa imewaka. Nilipomuuliza kwa nini, alinong'ona, "Kitaingiwa ni vumbi." Hapo alikuwa na haki, kuta za mawe hupukutisha chokaa mchana na usiku. Nilikitoa nifanye kazi, nikienda jikoni na kurudi niliikuta imefunikwa tena.

Sikumkataza. Nilijua anachokifukiza si bati na nyaya.

Miezi ikapita, kompyuta ikaanza kunguruma. Kwanza kidogo, baadaye ikawa yatubidi tupaze sauti, yaani nipaze mimi. Kisha ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Nilifanya kila upuuzi anaoufanya mtu aliyekasirika. Niliizima ukutani nikaiwasha papo hapo. Niliipiga kofi ubavuni. Niliilaumu stima, ambayo kwa mara hii haikuwa na kosa. Ilipofika mahali inawaka dakika chache tu kisha inakufa, mama alikuja akasimama mlangoni, akanitazama, akatazama sanduku, na midomo yake ikawa inakwenda. Alikuwa akiisomea Ayatul-Kursi. Ndipo nilipotishika kweli. Mle ndani mlikuwa na sauti ya mama yangu, na hapakuwa na nakala yake nyingine popote duniani.

Nina binamu yangu, mtoto wa dada yake mama, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, anayeangalia kompyuta za hoteli moja Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Nikampigia. Alisema hoteli imejaa wageni, hawezi kuvuka kuja Amu wiki ile, lakini akipata nafasi ataniongoza kwa simu. Nikamwambia nitaijaribu tena mara moja tu nione. Akanikata kauli.

"Usiiwashe. Kila ukiwasha unaipika. Kuna kitu unachokitaka humo?"

Nikamwambia ni kitu gani. Akasema nisiiguse mpaka atakaponipigia. Alikulia mikononi mwa mama huyu, na kasida zile alizisikia kabla hajajua kusoma.

Aliponipigia alasiri ile, nilikuwa nimetandika mkeka sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye mto, sauti yake nimeifungulia ili mikono yangu iwe huru. Mengi ninayowaambia watu leo niliyapata kwake siku ile, mengine kwa kugombezwa. Zima ukutani, kisha chomoa waya kabisa, usiiamini swichi peke yake. Ukishachomoa, bonyeza kile kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo, umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa chochote cha ndani. Skrubu ziweke kwenye sahani kwa mpangilio ulivyozitoa, si kwenye paja, maana ukiinuka utazitafuta mpaka kesho. Skrubu zangu mbili zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, akaniambia nitie tone la mafuta ya cherehani, ningoje, nifute, ndipo nizungushe. Nilitaka kulazimisha kwa bisibisi. Akauliza kama nataka kuifungua au kuiua. Nikamwambia aje aifungue yeye basi, akacheka, nami nikangoja.

Ubavu wa sanduku ulipotoka, harufu ya udi ilinipiga usoni. Feni ilikuwa haionekani. Mapengo yote yanayopitisha hewa yalikuwa yamezibwa na kitu cheusi chenye kunata, kama masizi ya chini ya sufuria, kimechanganyika na unga mweupe wa chokaa. Moshi wa udi una mafuta. Feni ilikuwa ikiuvuta ndani kila Alhamisi, vumbi likija linanasa juu yake, kisha kifuniko kinazuia hata ile hewa kidogo iliyobaki. Nilipiga picha nikamtumia.

"Mnafukizia kompyuta huko?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mama mkubwa?"

Nikasema ndiye.

"Basi mwambie wewe. Mimi sithubutu."

Hapakuwa na haja ya kuambiwa. Mama alikuwa nyuma yangu, na simu ilikuwa wazi. Alikuja akaketi mkekani taratibu, akapitisha kidole kwenye yale masizi, akakinusa. Kisha akanong'ona, "N'mekisonga kwa mikono yangu."

Nilitamani anigombeze, anilaumu mimi kwa kutokumkataza, lolote lile kuliko kumwona amekaa na kidole cheusi mbele ya uso wake. Nikamwambia haijafa, imekosa pumzi tu, na tutaisafisha. Sikuwa na hakika hata chembe.

Tuliisafisha wawili. Binamu alitaka burashi ndogo ya rangi, kavu na laini, pamba, na spiriti ya duka la dawa. Vyote vilikuwamo nyumbani. Akaniambia nishike mapanga ya feni yasizunguke ninapopiga burashi, kwa sababu feni ikizungushwa ovyo huharibika. Nisipulize kwa mdomo, mate na mvuke visiingie humo. Vumbi nilivutie nje, nisilisukume ndani. Mama alichukua kijiti cha kiberiti, akakizungushia pamba ncha yake, akakichovya kwenye spiriti na kukikamua, akaanza kuchokoa mapengo yale membamba moja moja. Ana mikono ya mtu aliyeshona kofia maisha yake yote. Mimi nilikuwa nafuta kwa pupa, yeye alikuwa kama anamsafisha mtoto masikio. Pamba zikawa nyeusi, tukatupa, tukachukua nyingine. Binamu alikuwa akiaga akahudumie wageni wake na kurudi, na kila akirudi aliuliza, "Bado?" nami nikimjibu kwa ukali, "Bado."

Tulipomaliza akasema tuiache wazi mpaka spiriti ikauke yote, na kwamba tuihamishie mahali penye hewa, mbali na ukuta, mbali na moshi. Tuliibeba mpaka sebuleni, na mkeka na simu, karibu na dirisha linalotazama kiwanja cha ndani. Mama alikipeleka kifuniko chake kabatini yeye mwenyewe, wala sikumwomba.

Siku hizi wateja wangu wakija kulalamika kwamba kompyuta ya nyumbani inanguruma au inazimika, swali langu la kwanza ni kama wanafukizia chumbani humo, na wengi hutahayari. Nawaambia udi haukatazwi, ila zimeni mashine, ngojeni ipoe, na chetezo kipite mbali. Ikifunikwa ifunikwe ikiwa imezimwa tu. Nawaambia pia wajiulize kwanza kama waliyoyaweka ndani wanayo na mahali pengine. Hapo huniangalia kama ninawatia mkosi.

Siku ile, spiriti ilipokauka, ukafika wakati wa kuiwasha. Nilipiga bismillahi nikabonyeza. Feni ilizunguka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikusikia mngurumo, nikaingiwa na hofu kwamba haijawaka. Kisha skrini ikapata rangi. Sijui nilisema nini, najua tu kwamba mama alinishika bega kwa nguvu. Ile folda ilikuwa pale pale. Nilikimbilia kuifungua nisikilize, na binamu akanizuia kama aliyeniona.

"Usisikilize kitu. Kopi kwanza."

Nilimchukia kwa muda huo, lakini alikuwa na haki. Mashine iliyotoka kuugua haiaminiki, cha kwanza ni kuokoa. Nikachomeka flashi, nikachagua kasida zote kwa pamoja, nikakopi. Ule mstari wa kijani ukawa unakwenda kwa mwendo wa punda mzee, unasimama, unakwenda. Ulipofika mwisho nikaitoa flashi kwa utaratibu, si kwa kuing'oa, nikampa mama, akaifunga kwenye ncha ya leso yake. Kisha nikaziingiza kwenye simu yangu kwa waya, na kutoka kwenye simu nikamtumia binamu kasida mojamoja kule Ras Kitau. Mtandao siku hiyo ulituhurumia.

"Zimefika," akasema. "Zote ninazo."

Nililia. Nilikuwa nimeketi chini, mikono myeusi, nikalia waziwazi kwa faraja, na sikuona haya. Sehemu tatu, mbali na ile mashine. Hata nyumba ikiungua, hata boti ikizama, sauti ya mama ipo.

Nilikuwa nikijifuta uso nilipoisikia. Binamu hakuweza kungoja. Alikuwa amezifungua kwenye kompyuta ya ofisini kwao, na kupitia simu iliyokuwa mkekani sauti ya mama ikaingia sebuleni kwetu kutoka ng'ambo, ile sauti yenyewe, inapanda bila kutetemeka. Nilirukia simu niizime kwa kuwa nilijua mama hataki. Alinishika mkono.

Kule upande wa pili nilisikia viatu vinakuja, vinasimama. Mtu mmoja, mwanamume, akauliza ni nani huyu anayesoma. Binamu akajibu, "Mama yangu mkubwa. Yuko Mkomani." Viatu havikuondoka.

Mama alikuwa amefumba macho. Kasida ilipofika pale inapobidi msomaji avute mstari mzima kwa pumzi moja, midomo yake ilianza kwenda pamoja nayo, bila sauti, na mstari ulipokwisha akavuta hewa kwa nguvu kama aliyetoka kuusoma yeye.

"Huyu ali na pumzi," akaninong'oneza.

Nikasema ndiyo, mama, alikuwa nayo.

Kasida ikakaribia mwisho. Binamu akauliza kwa simu kama inatosha, azime. Nilimtazama mama. Alisogea mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, kwa sababu kule ng'ambo wasingemsikia.

"Mwambie asizime."

Nikamwambia.